Bi Mwanamkuu Anauliza Mlikula Nini

Fauzia, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuja kwangu Jumatatu asubuhi na ndoo tupu, akaacha kwenda bombani. Aliigeuza ndoo mlangoni pangu akaikalia.

"Mama Mudrik, umesikia? Bi Mwanamkuu anauliza watu walikula nini."

"Walikula nini lini?"

"Siku ile ya Sabra. Kenda kwa Hafidhi, kamuuliza. Jana baada ya laasiri kaja kwangu, kakaa, kanywa maji yangu, halafu ati, 'Fauzia, mchana ule kabla Sabra hajaumia, mlikula nini?' Mtu mzima akuulize chakula ulichokula siku mwenzio alipomwagika damu, ana jema huyo?"

"Labda anauliza tu."

"Hakuna anayeuliza tu, shoga. Mumewe kafa kwa nini? Kaanguka mnazi. Na kabla yake? Mnazi. Leo mkono wa Sabra. Kila palipo na majeruhi, Mwanamkuu hayuko mbali. Na daftari lile! Anaandika majina. Likijaa anampelekea Maliki, na sisi tunaambiwa tupumzike nyumbani." Akainuka, akaokota ndoo yake. "Mimi nimemwambia nilikuwa nimefunga. Na wewe ulikuwa umefunga. Sote tulikuwa tumefunga."

"Fauzia, ilikuwa Jumanne. Nani anafunga Jumanne?"

"Tunalipa deni la Ramadhani. Tena wewe mwenye mtoto mchanga, deni lako kubwa kuliko langu."

Akaenda zake bombani. Nilimrudishia Mudrik ziwa, nikauvuta mlango kwa mguu. Maana aliyewachomea watu samaki Jumanne ile nilikuwa mimi, na sikuwachomea juu ya kitu cha kuchomea.

Kazi yetu ni usumba. Banda la Bwana Maliki liko Miburani, nyuma ya minazi, na tunafanya kazi humo watu tisa. Makumbi ya nazi yanalowekwa mpaka yalainike, kisha yanatiwa kwenye mashine yenye meno, yanatoka nyuzi. Hizo nyuzi ndizo usumba. Sisi wanawake tunazichambua, tunazianika, na kamba tunasokota. Mashine inazungushwa na injini ya dizeli kwa mkanda mrefu wa mpira, na mkanda ule ulikuja na wavu wake wa chuma, umepakwa rangi ya kijani, wa kuukinga usimkamate mtu. Zamani wavu ulifungwa kwa nati nne. Nati zikatoka moja moja, zikawekwa waya mbili, unazinyonga kwa kidole tu wavu unabaki mkononi.

Maliki hataki moto karibu na banda, na katika hilo ana haki. Usumba mkavu ukipata cheche hausubiri mtu aite. Lakini mapumziko ni nusu saa, nyumbani ni mbali, na muhogo mkavu bila kitoweo haushuki kooni. Siku moja Maliki alikiona nyuma ya banda kiwavu cha Fauzia cha kuchomea samaki. Alikwenda nacho mpaka pwani akakitupa majini, sisi tunamwangalia. Tangu siku hiyo chombo cha jikoni hakionekani pale. Sijui nani alianza kuutazama ule wavu wa kijani kwa jicho la njaa. Ninachojua ni kwamba nilipoingia kazini nilikuta desturi ipo tayari: saa saba Hafidhi anazima injini, anageuka kutazama minazi kama hajui kitu, mtu anafungua waya mbili, tunakwenda nyuma kwenye vifuu vyetu, tunachoma. Baadaye wavu unasuguliwa kwa mchanga na kurudi mahali pake. Kichwa cha samaki mkubwa ni haki ya Hafidhi. Na kwa kuwa mimi nilikuwa na mtoto wa kunyonyesha, kazi ya kuchoma walinipa mimi, nipate kukaa karibu naye.

Jumanne ile samaki walikuwa tasi, wanene. Watu walishakula, wavu ukiwa bado chini unapoa, maana wa moto haushikiki, Mudrik akaanza kulia. Nikasema nimnyonyeshe kwanza. Nikampakata nyuma ya rundo la makumbi. Maliki alikuwa amefika na gari, mzigo unasubiriwa bandarini Kilindoni, nikamsikia anapiga kelele, "Washa! Washa, mnangoja nini?" Hafidhi akawasha. Nikasema moyoni, mtoto akimaliza upande huu narudisha.

Hakumaliza. Sabra aliinama kuvuta kumbi lililoanguka kando ya mkanda, pembe ya kanga yake ikaingia, na kanga ikauvuta mkono.

Mkono wake umevunjika mahali pawili, na vidole viwili hospitali ilivikata. Hilo kila mtu Miburani analijua. Wasilolijua ni kwamba wenzangu walipokuwa wanaikata kanga kwa panga kumtoa, mimi niliushika ule wavu kwa nepi ya mwanangu nikaurudisha mahali pake, nikanyonga waya mbili. Hakuna aliyenituma. Mkono ulitangulia, akili ikafuata nyuma.

Sasa huyu Bi Mwanamkuu. Ni mtu wa Ndagoni, mjane, mrefu, mwembamba, anatembea mikono nyuma kama mwenye shamba anayehesabu miche. Pale bandani yeye ni mfagiaji. Mwaka jana alipita mgeni wa ofisi kutoka bara, akasema kila mahali pa kazi pawe na mtu wa kuangalia usalama. Maliki akatazama huku na huku, akamwona Mwanamkuu ameshika ufagio. "Andika huyu." Tulicheka siku nzima. Hafidhi akawa kila akimwona anasimama wima na kumpigia saluti, naye anajibu, "Miguu sawa, mjukuu wangu, na shati lichomekee, mkanda ule hauchagui." Hatukujua kama anatania. Kesho yake alikuja na daftari la shule, nyuma lina jedwali la kuzidisha, akawa anaandika humo vitu ambavyo hakumwonyesha mtu.

Siku ya ajali ndiye aliyempakata Sabra garini mpaka hospitali, na akalala naye huko siku mbili. Huku nyuma sisi tukafanya ya kwetu. Tukapaosha kwa maji ya chumvi, tukafukiza ubani, tukaomba dua. Damu haiachwi mahali pa riziki. Alhamisi aliporudi alisimama mbele ya mashine kitambo kirefu.

"Mmesafisha," akasema.

"Tumesafisha, bi," Fauzia akajibu.

"Mmesafisha vizuri sana."

Lile "sana" halikuwa la kusifu. Tangu hapo nikawa namwangalia kwa pembe ya jicho, na kila nikimwangalia namkuta naye ananiangalia.

Maliki alikwishakata shauri lake. Alisema Sabra ni mzembe, alivaa kanga ndefu ya kuburura, na la Mungu halina makosa. Kuanzia sasa hakuna kanga karibu na mashine, basi, mambo yamekwisha. Mashine itapumzika mpaka Jumamosi ya wiki ya pili, na mahali pa Sabra atakaa Chiku. Chiku ni binti wa Fauzia, ana miaka kumi na tisa, mcheshi, mwepesi wa mikono. Fauzia alipokea ile habari kwa furaha, halafu akaona haya kwa furaha yake. Mimi nilimtazama Chiku akipita na matege yake madogo, nikawa nauona mkono wake tu, na zile waya mbili. Maana njaa ya saa saba itarudi Jumamosi pamoja na mashine. Lakini kusema ni kujifukuza kazi, na pengine kuwafukuzisha wote tisa. 

Jumanne nilipika uji nikampelekea Sabra. Alikuwa ameketi barazani kwao, mkono umefungwa mpaka begani.

"Mwanamkuu amefika?" nikamuuliza, nikijifanya natafuta kijiko.

"Amefika mara mbili. Ananiuliza tulikula nini, tulikaa wapi, nani alisimama kwanza."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia sikumbuki. Kizunguzungu." Akaninyooshea mkono mzima nimpe Mudrik, akamlaza pajani. "Na wewe usikumbuke, Mama Mudrik. Mimi vidole havirudi. Wewe una huyu."

 Nilimlisha uji.

Siku ya pili, Jumatano, nilikwenda bandani kugeuza usumba uliokuwa juani. Nilidhani niko peke yangu. Nikamwona Bi Mwanamkuu ndani, amepiga magoti mbele ya mkanda. Pua yake ilikuwa juu ya wavu. Alikuwa anaunusa. Kisha akatoa kioo kidogo cha uso, akakishika nyuma ya wavu, akatazama upande wa pili. Nikarudi nyuma pole pole, lakini Mudrik mgongoni akapiga chafya, na chafya ya mtoto haina adabu.

Bi Mwanamkuu hakugeuka. Alisema tu, "Mkinge jua mtoto."

Siku hiyo nilikimbia nusu ya njia. Nilipofika Fauzia alikuwa ananisubiri, na nilipomweleza alishika kichwa. "Kioo? Kioo, Mama Mudrik? Huo ndio ushahidi. Kioo cha nini kama si cha mambo yao?" Nami, astaghfirullah, nilikubali. Nilifunga mlango mchana, nikamsomea mtoto Kul-audhu ya kumkinga na wachawi, mara saba.

Ijumaa, wanaume wametoka msikitini, nikasikia mlangoni, "Hodi."

Niliijua sauti. Nilitaka kunyamaza, Mudrik akaitika kwa niaba yangu.

"Karibu. Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu. Wazima humu?"

"Wazima."

Aliingia na gunia kwapani. Gunia lilikuwa na kitu bapa ndani, chenye pembe nne, nami sikuhitaji kuambiwa ni nini. Akakaa mkekani, akamchukua Mudrik kutoka mikononi mwangu bila kuomba, na yule mtoto asiyependa watu akaanza kumtafuna ukosi wa buibui. Nikabaki nimesimama.

"Kaa, huu mkeka ni wako."

Nikakaa. Akauvuta wavu, akauegemeza ukutani.

"Watu tisa," akasema. "Hafidhi kaniambia alikula mkate wa kununua. Fauzia alifunga. Wengine nao walifunga, Jumanne, jamani, mpaka yule mwenye vidonda vya tumbo amefunga. Sabra kizunguzungu. Kwa hiyo mchana ule bandani hakula mtu. Lakini mimi niliporudi kutoka hospitali nilikuta msafara wa sisimizi. Wanatoka nyuma kwenye majivu ya vifuu, wanapita chini ya mlango, wanapanda juu ya wavu wa mashine. Nikajiuliza, mashine yetu inakula makumbi. Sisimizi na makumbi wana udugu gani?"

Nikautazama wavu pale ukutani.

"Nikaunusa. Ukaniona. Nikatazama kwa kioo upande wa ndani, nikaona rangi ya kijani imebaki pembeni, katikati imeungua. Mkanda hauunguzi rangi katikati, mwanangu."

"Jina langu umeliandika?" nikauliza.

Akaingiza mkono kifuani, akatoa lile daftari, akanipa. "Umesoma shule. Soma."

Nilisoma kurasa zote, natafuta jina. Kulikuwa na picha ya banda aliyoichora kama mtoto, injini duara, mkanda mistari miwili. Kulikuwa na mishale. Kulikuwa na maandishi: *Saa saba imezimwa. Saa saba na nusu imewashwa. Hapa katikati?* Na ukurasa mwingine: *Nati nne. Sasa waya mbili. Lini?* Na mwingine: *Kula wapi?* Hilo la mwisho lilipigiwa mstari mara tatu. Jina langu halikuwemo. La mtu yeyote halikuwemo. Bado sikumwamini. Nikasema moyoni, majina ameyaweka kichwani.

"Unanitazama kama polisi," akasema. "Nisikilize. Kule Ndagoni palikuwa na shamba la minazi, wakwezi wakiangua nazi kila baada ya miezi mitatu. Mtu wa kwanza alianguka. Tukasema siku yake imefika. Wa pili alianguka. Hapo watu wakakumbuka kwamba vidato vya minazi ile, zile ngazi zinazochanjwa kwenye mti mkwezi aweke mguu, vilipigwa na mtu mmoja. Tukamwendea kwake, na mimi nilikuwemo, nikapiga kelele kuliko wote. Tukamtukana mpaka akahama na watoto wake. Tukalala usingizi mzuri. Mtu ameondoka. Minazi ikabaki na vidato vyake. Wa tatu alikuwa Shaibu, mume wangu."

Mudrik alikuwa ameacha kutafuna ukosi, anamtazama mdomoni.

"Eda ilipokwisha nikachukua mwiko wa kupikia ugali, nikaenda kwenye shamba lile, mnazi mmoja mmoja, nachokoa vidato ninavyovifikia. Kidato kizuri kinainamia nje, mvua ikinyesha maji yanateremka. Vile vilikuwa vinainamia ndani. Vimekaa na maji kama vikombe, mti umeoza, mwiko unazama. Minazi arobaini na mmoja. Watu wakasema kifo kimemharibu akili, anapika miti. Tangu vilipochanjwa vingine, pale hajaanguka mtu." Akampangusa Mudrik mate kwa kidole gumba. "Kwa hiyo mtu simtaki. Mtu nilishamfukuza mara moja."

"Lakini ukimweleza Maliki atauliza ni nani."

"Atauliza. Na nikimweleza kwa mdomo ndilo atakaloshika. Atamfukuza mmoja, atatutisha waliobaki, wavu utafungwa tena kwa waya zile zile, na wiki ya pili tutakuwa na njaa ile ile. Na pale amekaa Chiku."

Ukuta wetu ni mwembamba. Upande wa pili tulimsikia Chiku anaimba huku anakamua tui, na mamaye anamkaripia kwamba anaimba kama mbuzi. 

"Bi," nikasema, "siku ile mimi ndiye..."

Akainua mkono. "Siku ile ulinitilia kipande changu kwenye jani la mgomba, ukaniwekea juu ya ndoo ya kufagilia. Mkia, na ndimu umekamua. Nilikula. Nimekula mwaka mzima, na mimi ndiye niliyepewa kuangalia usalama. Nilikuwa naupita mkanda uko wazi, naangalia samaki tu, siulizi wamechomwa juu ya nini, na hilo ndilo nililotaka mtu aniambie. Kama ni majina, la kwanza ni langu, na nitalisema mwenyewe."

Hapo ndipo nililia. Sikulia kwa sauti, nisimshtue mtoto. Nilimweleza yote, kilio cha Mudrik, Maliki na kelele zake, wavu wa moto, nepi. Alisikiliza bila kuandika. Nilipofika kwenye nepi aliitikia tu kwa kichwa, kama mtu aliyepata kipande alichokuwa akikitafuta kikapuni.

"Ndiyo maana niliukuta mahali pake," akasema. "Hilo lilinipa taabu siku nane."

Akanirudishia mtoto. Akaurudisha wavu guniani, akasimama, akafika mlangoni, akarudi hatua moja.

"Mwanangu, nina ombi. Kesho mashine inawashwa saa mbili. Maliki atakuwepo na gari lake, na wote watakuwepo, na Chiku. Nami nitaurudisha wavu mahali pake mapema, na zile waya mbili. Uje kabla ya injini. Usihutubie, usimtaje mtu. Fungua hizo waya kwa kidole kama unavyofungua siku zote, mbele yake. Uchukue wavu mpaka nyuma, uwashe vifuu, uchome samaki. Kisha mimi nitamwambia Maliki, 'Haya, sema washa. Halafu chukua wavu kwa mkono wako ukaufunge.' Aone mwenyewe haushikiki kwa moto. Aone nusu saa inavyokuwa fupi. Baada ya hapo ndipo nitamwomba nati nne, na mahali pa kupikia upande wa pwani, mbali na usumba, na kiwavu kingine cha Fauzia badala ya kile alichokitupa."

"Na wenzangu wakinikimbia?"

"Nitakuwa nimekaa karibu nawe, nasubiri mkia wangu." Akaweka kiganja juu ya kichwa cha Mudrik. "Tasi nitawaleta mimi. Utanichomea?"